Mali na Raha ya Moyo: Mizani Kutoka Meru na Embu

Watu hawaachi kuuliza: je, mali huleta furaha? Masikini huuliza kwa kutamani, tajiri huuliza kwa kushangaa, na mwenye kuwaidhi hujibu upesi kwamba mali ni udhia na furaha ni kuridhika. Jibu hilo ni jepesi mno, na aghlabu mwenye kulitoa huwa amekwisha kula. Sisi twapenda kulichungua suala hili polepole, nasi tumechagua kulichungua mahali ambapo fedha zimeonekana waziwazi zikija na zikiondoka, nako ni Meru na Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya. Tumekuchagua huko kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wa huko, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, wamepata neema ya fedha zaidi ya mara moja na wameipoteza zaidi ya mara moja. Ya pili ni kwamba sehemu ya fedha hizo hutoka mifukoni mwetu sisi watu wa pwani. Basi khabari yao ni khabari yetu.

Kwanza lisemwe la haki. Ufukara si pambo, wala hatumsifii mtu njaa yake. Mama mwenye mtoto mwenye homa, naye hana nauli ya kumfikisha hospitali, huzuni yake ina dawa, na dawa yake ni fedha. Mzee anayejifungia chumbani asikutane na anayemdai, shilingi chache zingemrudishia uso wake mbele za watu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Zaka yenyewe haikufaradhiwa ila kwa kuwa kukosa ni dhara, na dhara hutakiwa kuondolewa. Tena Uthman bin Affan na Abdulrahman bin Auf walikuwa matajiri wakubwa, wala utajiri wao haukuwatoa katika safu ya masahaba wateule. Basi mwenye kusema kwamba mali haina kazi yoyote katika furaha ya mwanadamu, huyo hasemi kweli.

Na wataalamu wa zama hizi wamelipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2010 wanachuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Daniel Kahneman na Angus Deaton, walitangaza kwamba furaha ya kila siku ya Wamarekani hupanda pamoja na pato mpaka kufika kiasi cha dola 75,000 kwa mwaka, kisha haipandi tena. Mwaka 2021 mwenzao, Matthew Killingsworth, akaleta hesabu nyingine kuonyesha kwamba huendelea kupanda. Badala ya kutupiana maneno, Kahneman na Killingsworth walikaa pamoja, na Barbara Mellers akiwa mshirika wao, wakazipitia hesabu upya. Mwaka 2023 wakatoa jibu moja: kwa watu wengi furaha huzidi kadiri pato lizidivyo, lakini lile kundi la wenye huzuni kubwa, mali huwasaidia mpaka kiasi fulani, kisha huwa haiwasaidii tena. Maana yake kwa lugha yetu ni nyepesi. Mali huondoa dhiki iletwayo na kukosa mali. Ama huzuni ya aliyefiwa, au ya aliyevunjika moyo, hiyo haikuingia kwa mlango wa fedha, wala haitatoka kwa mlango huo.

Basi suala la kweli ni hili: mali ikishaondoa dhiki, hufanywa nini ili igeuke kuwa raha ya moyo? Na hapo ndipo tunapopanda kwenda mlimani.

Wakati wa ukoloni Mwafrika wa Kenya alizuiliwa kwa muda mrefu kupanda kahawa. Zao hilo liliwekewa walowezi. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo serikali iliporuhusu Waafrika wajaribu, nayo ilianza na sehemu chache, miongoni mwao Kisii, Embu na Meru. Baada ya uhuru wa 1963 mikahawa ilienea zaidi, na chama cha ushirika kikawa ndicho mlango wa fedha wa mkulima mdogo. Kisha mwezi wa Julai 1975 jalidi iliunguza mikahawa ya Brazil. Kahawa ikaadimika duniani, na bei ikapanda hata mwaka 1977 ikafika kiasi ambacho wakulima wa Kenya hawakupata kukiona. Mtu ambaye hakuijua Brazil, wala hakuwa na fadhila yoyote katika baridi ya huko, alijikuta ana fedha. Na mwaka 1989, mwezi huohuo wa Julai, mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa kiasi cha kahawa cha kila nchi yalivunjika. Bei ikaanguka, na mtu yuleyule akajikuta hana, naye hakukosa lolote shambani mwake.

Sasa na tutazame kilichobaki. Aliyezitumia fedha za mwaka 1977 katika vinywaji na mashindano ya kuonekana, bei ilipoanguka naye alianguka pamoja nayo, na zaidi ya hayo akabaki na mazoea ya mtu mwenye fedha bila ya fedha zenyewe. Na hayo ni machungu kuliko umasikini wa kwanza. Ama aliyelipia karo za watoto wake, bei ilipoanguka alihuzunika kama wenzake, lakini mtoto alikuwa amekwisha kusoma. Hapana mnunuzi wa kahawa, wa London wala wa New York, aliyeweza kumwendea mwalimu aliyesomeshwa kwa kahawa ile akamwambia: bei imeshuka, nirudishie elimu yako.

Upande wa Nyambene, katika nchi ya Igembe na Tigania, khabari ni ya mti mwingine, nao ni mirungi, ambayo siku hizi wengi wetu twaiita miraa. Mti huu una haraka yake. Kitu kilichomo ndani ya majani na maganda yake, ambacho wataalamu hukiita kathinoni, hupungua nguvu kadiri vinavyonyauka, na baada ya siku mbili hivi bidhaa huwa si bidhaa tena. Kwa hiyo huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba, na hupakiwa katika magari yakimbiayo kutoka Maua hadi Nairobi, kisha hupanda ndege. Fedha zake hulipwa upesi, tofauti na za kahawa ambazo mkulima huzingojea miezi. Si ajabu basi kwamba wako walioiacha mikahawa yao ikasongwa na magugu wakaugeukia mti huu. Wala si ajabu kwamba wavulana wengine waliacha shule wakaenda kuchuma, kwani mkononi mna shilingi leo, na faida ya shule iko mbali.

Lakini raha ya bei haikukaa. Januari 2013 Uholanzi ilipiga marufuku miraa. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza, iliyokuwa soko kubwa, ikafunga mlango wake. Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, Somalia ikazuia ndege za miraa, na biashara hiyo haikufunguliwa tena rasmi mpaka Julai 2022. Mara tatu katika muda wa miaka minane, maisha ya vilima vya Nyambene yalipinduliwa na watu waliokaa Hague, London na Mogadishu. Hatuingii hapa katika kuhukumu kama serikali hizo zilifanya sawa. Twataka msomaji aone jambo moja tu: ikiwa furaha yako yote ni bei, basi ufunguo wa furaha yako uko mfukoni mwa mtu usiyemjua, naye hakujui.

Na mti huohuo, kabla haujawa bidhaa ya ndege, ulikuwa na kazi nyingine huko Meru. Mwenye kutaka kuposa hupeleka kwa wazee wa msichana fungu la miraa lililofungwa kwa adabu yake maalumu, nalo huitwa ncoolo. Wazee wakilipokea, mlango wa mazungumzo umefunguka. Miti mikongwe, waiitayo mbaine, mwana huirithi kwa baba, naye baba aliirithi kwa babu. Hatusemi haya kuisifu miraa. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikwisha kusema juu yake tangu zamani. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka katika karne ya 16, aliandika risala khasa ya kutahadharisha watu nayo. Twasema kwa ajili ya mafunzo yaliyomo. Kijiti ni kile kile, na mti ni ule ule. Kikienda sokoni huwa shilingi, na jioni kimekwisha. Kikienda kwa wakwe, kiliunga watu wa nyumba mbili, na wajukuu wakapatikana. Thamani yake haikuwa katika kijiti, ilikuwa katika kile kilichoungwa nacho.

Hapa ndipo twaiona mizani yetu. Mali huleta furaha inapogeuzwa ikawa kitu kisichouzika. Deni lililolipwa haliuziki. Jamaa aliyesaidiwa siku ya msiba, na shukrani iliyo moyoni mwake, haziuziki. Elimu iliyo kichwani mwa binti yako haipandi mnadani. Fedha zikishapita katika mlango huo, bei ya dunia haizifikii tena. Lakini fedha zinazobaki kuwa fedha mpaka mwisho, au zikageuzwa raha ya saa mbili, huondoka kwa njia ile ile ziliyojia, na huondoka pamoja na furaha iliyotundikwa juu yake.

Mwenye kupinga atasema: elimu nayo si hutafutwa kwa ajili ya mshahara? Na udugu si huvunjika? Kweli, wako wanaosoma kwa ajili ya mshahara tu, na udugu huvunjika, na hata mtoto aliyesomeshwa huweza kufa kabla ya mzazi wake. Sisi hatudai kwamba vitu visivyouzika havivunjiki. Twadai kwamba havivunjwi na bei. Na aliyesoma akakosa kazi bado ataisoma hati kabla ya kutia sahihi, na bado atamfundisha mwanawe. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa kawaida, ambaye khofu yake ya kila siku ni kwamba kesho soko litageuka.

Tuteremke sasa Embu, upande wa Mbeere, ambako ardhi ni kavu na mvua ni haba. Huko huota muguka, jamaa ya miraa, ambao majani yake machanga ndiyo yatafunwayo. Mmea huu huvumilia ukame, huchumwa mara kwa mara, na bei yake ni nafuu kuliko miraa ya Nyambene. Kwa unafuu huo umejaza vijiwe vya miji yetu ya pwani. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alitoa amri ya kuzuia kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu, na kauli iliyotoka ni kwamba amri hizo hazina nguvu mbele ya sheria ya taifa inayolitambua zao hilo; na Mahakama Kuu iliyoko Embu ikasimamisha utekelezaji wake.

Katika vishindo vya siku zile kila upande ulisema kweli, na kila upande ulisema habari za mtoto. Mzazi wa Mbeere alisema: jani hili ndilo linalomlipia mwanangu karo katika nchi isiyoota kitu kingine chenye bei. Mzazi wa Mombasa alisema: jani hili limemtoa mwanangu usingizini, likamtoa kazini, na sasa naogopa litamtoa akilini. Zingatia, ndugu msomaji. Fedha ni zile zile. Zilitoka katika mfuko wa kijana wa huku zikaingia katika daftari la shule ya huko. Ikiwa mali huhukumiwa kwa kile kilichobaki baada yake, basi hapa kimebaki kitabu upande mmoja na kijana aliyepotea upande wa pili, na mwenye insafu hawezi kuhesabu upande mmoja akaufumbia macho mwingine.

Kwa hiyo mizani yetu yataka kitanga cha pili. Haitoshi kuuliza fedha zimeacha nini huku zilikokwenda. Yapasa kuuliza pia zimeacha nini kule zilikotoka. Fedha zenye raha ni zile ambazo mwenyewe aweza kuzifuata hatua kwa hatua mpaka zilikotoka bila ya kuinamisha macho. Muuza samaki aweza kuingia nyumba yoyote aliyoiuzia, akawakuta watu wanakula, akafurahi. Mwenye kuuza kitu ambacho hapendi mwanawe akitumie, huyo njia hii hawezi kuipita mpaka mwisho. Atasimama katikati aseme, mimi ni muuzaji tu. Na moyo wenye mahali pasipotazamika hautulii, hata ghala ijae vipi.

Wala hatumbebeshi mkulima wa Mbeere mzigo huu peke yake. Anayemtaka aache muguka na amwonyeshe zao jingine litakalomlipia karo muhula ujao, amfikishie na maji, na amtafutie soko lisilomchelewesha. Kumwambia aridhike na umasikini wake ili watoto wetu wapone ni kumtoza yeye gharama ya malezi yetu.

Maana khabari hii ina upande wetu pia. Kijana wa mtaani kwetu aketiye kijiweni tangu alasiri, shavu limejaa, hakuzaliwa akipenda uovu. Wengi wao hawana kazi, na kwa shilingi chache hununua saa ambazo ndani yake huwa matajiri: hujenga nyumba kwa maneno, huoa, husafiri, huwashinda mahasimu wao. Alfajiri nyumba zote zimebomoka, na amebaki na kiu na ulimi mkavu. Naye pia ni mtu anayeamini kwamba fedha hununua furaha. Tofauti yake na mwenye duka mjini ni ndogo kuliko tunavyodhani. Tuna watu wenye kukopa ili arusi isemwe, dhahabu ikaazimwa na mapambo yakakodiwa, wageni wakala wakaenda zao, kisha mume na mke wakaanza maisha yao kwa kukimbia wadai. Hiyo nayo ni furaha iliyonunuliwa kwa saa. Hatuwezi kumlaumu mwenye muguka wa shilingi chache na tukamsifu mwenye israfu ya malaki, na hali wote wawili wamegeuza riziki yao kuwa kitu kisichofika asubuhi.

Wameru wana masimulizi ya asili yao ambayo yafaa mtu wa pwani ayasikie. Husema kwamba wazee wao wa kale walikaa Mbwaa, mahali penye bahari, chini ya utawala wa watu wa nguo nyekundu waliowatesa. Wakatoroka, wakavuka maji, wakatembea mpaka mlimani. Wako wanahistoria waliopadhania Mbwaa kuwa ni Manda, karibu na Lamu, na wako wasiokubali. Ikiwa ni Manda au ni kwingine, masimulizi hayo yamepita kinywa kwa kinywa, kizazi kwa kizazi, na kitovu chake ni kutoka katika dhulma, wakaingia safari wote pamoja. Hiyo ndiyo hazina ambayo watu wale waliona yafaa kurithisha. Bei za kahawa na za miraa zitasahauliwa, kama zilivyosahauliwa bei za pembe na za mikoko katika bandari zetu. Lakini mtoto wa Meru bado huambiwa kwamba wazee wake walitoka.

Basi tukiulizwa kama mali huleta furaha, jibu letu ni kwamba mali huondoa dhiki, na hilo ni jema la kutafutwa kwa halali bila ya haya. Ama raha ya moyo, mali huifikia kwa sharti mbili: itoke mahali panapotazamika, na igeuke kitu ambacho soko haliwezi kukirudisha. Kila mwenye kipato, kikubwa au kidogo, aweza kujiuliza jioni ya siku ya mshahara: fedha hizi zimemuacha vipi yule aliyenipa? Na lau bei ikianguka kesho, nitabaki na nini?

Nasi katika darasa letu suala hili limetupa kazi. Vijana wa vijiwe hawatatoka kwa kutukanwa, wala kwa amri peke yake. Watatoka wakipata kitu cha kweli cha kuwa nacho alfajiri. Fundi seremala, fundi wa umeme au mwenye duka anayeweza kumchukua kijana mmoja akamfundisha kazi, na aje tushauriane, kwani hiyo ni mali isiyouzika, nayo iko mikononi mwetu leo. Wabillahi taufiq.